Kununua Tena Sedani Kuukuu ya Kifahari: Jinsi ya Kuamua Kabla Hujatoa Pesa

Swali huja kwa sura ileile kila mara: nilikuwa na Mercedes, au BMW, au Lexus ya zamani, gharama zikanishinda nikaliuza, sasa nimeona jingine, rangi inang'aa, ngozi ya viti haijapasuka, bei ya kutupa. Nirudie?

Atakayekujibu "kimbia" na atakayekujibu "wahi" wote wanakisia. Sedani ya kifahari yenye miaka 12 hadi 25 inanunulika, na ipo inayotulia. Shika hili tu: bei ya gari hushuka kila mwaka, ila bei ya vipuri vyake haishuki. Kompresa ya hewa, taa ya mbele ya zenoni na giaboksi havijui kwamba gari limezeeka. Ukilinunua, unalinunua pamoja na deni la matengenezo ambalo mwenyewe alikwepa kulilipa. Hatua zilizo hapa chini ni za kulipima deni hilo kabla halijawa lako.

Uwe na nini mkononi

- Kumbukumbu za gari lako la kwanza: risiti, meseji za fundi, chochote kilichobaki.
- Namba ya chesisi ya gari unalolitaka, tarakimu na herufi zote 17, pamoja na namba ya injini.
- Mashine ya kupimia inayosoma mifumo yote ya kampuni iliyounda gari: injini, giaboksi, breki, mifuko ya hewa, sespensheni, milango. Kile kidude kidogo cha bei rahisi husoma injini peke yake, na kwenye magari haya injini ndiyo mara nyingi nzima kuliko vingine.
- Multimita, tochi kali, futi kamba, kipimo cha unene wa rangi, glavu na kitambaa cheupe.
- Rampu au shimo la gereji.
- Fundi anayeijua modeli hiyo hasa. Fundi mzuri wa magari mengine atakuambia "liko poa" kwa sababu hajui pa kuangalia.
- Asubuhi nzima, na injini iliyo baridi. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe kabla hujafika.

Hatua ya 1: Andika kwa nini uliliuza la kwanza

Usiruke hapa. Chukua karatasi, orodhesha kila kilichoharibika, kisha mbele ya kila kimoja andika neno moja kati ya haya: *uzee*, *modeli*, *uzembe*.

Uzee ni mpira na plastiki: bushi, hozi, gasketi ya kava la valvu, tangi la maji ya rejeta, mipira ya hewa ya sespensheni (inayobeba gari badala ya springi). Hivi huisha kwa miaka hata gari likilala chini ya turubai. Karatasi ikijaa "uzee", jua kwamba gari jingine la rika lile litakufanyia yaleyale, la kampuni yoyote. Modeli ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Dawa yake ni kubadili injini au mwaka. Uzembe ni pale ulipoona tone la oili ukasema "mwezi ujao". Hapo hakuna gari litakalokufaa mpaka ubadili tabia.

Kuna sababu ya nne ambayo watu huisahau. Wengi waliuza kwa sababu gari lilikaa gereji wiki tatu likisubiri kipuri, nao hawakuwa na usafiri mwingine. Ukiwa ni huyo, kosa halikuwa la gari. Kama bado una gari moja tu la kukupeleka kazini, sedani hii isiwe ndilo.

Hatua ya 2: Chagua injini na mwaka, nembo baadaye

Magari mawili yenye sura moja yanaweza kuachana kama usiku na mchana kwa sababu ya injini iliyomo au mwezi yalipoundwa. Mifano inayouliziwa zaidi:

*Mercedes E-Class W211 (2002–2009).* Za mwanzo zina breki za SBC, ambazo pampu ya umeme ndiyo inayosukuma mafuta ya breki. Pampu huhesabu kazi iliyofanya, na ikifikia kikomo huwasha onyo jekundu. Ikigoma, pedali hushuka sana na nguvu hubaki kwenye tairi za mbele tu. Maboresho ya 2006 yalirudisha breki za kawaida, kwa hiyo mwaka wa kuundwa una maana kubwa hapa. Onyo: kwenye gari lenye SBC usibadilishe pedi kabla mfumo haujazimwa kwa mashine. Pampu huweza kujiamsha yenyewe na kubana kalipa ukiwa na kidole ndani.

*Mercedes zenye injini ya V6 M272.* Gia ya shafti ya kusawazisha kwenye injini za mwanzo iliundwa kwa chuma laini mno, meno hulika, cheni hupoteza mahali pake na taa ya injini huwaka. Gia yenyewe ni ndogo; kuifikia ni kushusha injini nzima. Angalia tarakimu sita za mwisho za namba ya injini: mpaka 468993 ni za hatari. Ndugu yake wa V8, M273, ana ugonjwa kama huo kwenye gia ya kati ya cheni, mpaka 088611. Zilizofuata ziliundwa na gia ngumu.

*Mercedes za takriban 1993 hadi 1995.* Plastiki ya nyaya za injini hupukutika yenyewe. Kunja waya mmoja taratibu karibu na injini. Ikidondoka kama ganda la yai, seti nzima ya nyaya ni ya kubadilisha.

*BMW E39 (1995–2003).* Yenye silinda sita mstarini ndiyo ya kuanzia. V8 ya M62 ina reli za plastiki zinazoongoza cheni ya taimingi; zikivunjika, vipande huangukia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Zote mbili ni dhaifu kwenye mfumo wa kupoza: tangi la maji, pampu ya maji, thamostati na hozi hubadilishwa kwa pamoja, kabla hazijapasuka.

*BMW zenye V8 ya N62 (E60, E65).* Sili za valvu hukauka zikaanza kula oili, na bomba la maji lililojificha katikati ya injini huvuja. Bila risiti za kazi hizi mbili, hesabu kwamba ni zako.

*Audi zenye V8 ya 4.2 ya cheni.* Cheni ziko nyuma, upande wa giaboksi. Zikianza kugonga, injini inatoka. Za zamani zaidi zenye mkanda ni nafuu kuhudumia.

*Lexus LS 400 na LS 430.* Hizi ndizo za kumpa mtu anayerudi akiwa na kidonda. Injini na giaboksi ni ngumu kweli. Zina mkanda wa taimingi, na ukikatika kwenye LS 430 valvu hugongana na pistoni. Usipopewa ushahidi wa tarehe, badilisha pamoja na pampu ya maji. Kwenye LS 400 angalia pampu ya usukani: ikivuja, mafuta hudondokea alteneta na kuiua. LS 460, iliyoingia 2006, ina cheni, lakini bushi za mikono ya mbele ni nyingi na gharama yake inauma.

*Jaguar XJ za V8 za kabla ya takriban 2001.* Vikazio vya cheni ni vya plastiki na hupasuka. Uliza kama vimeshabadilishwa kwa vya chuma.

Hatua ya 3: Maswali ya simu

Uliza manne, uandike majibu: oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, funguo ziko ngapi, mkanda au cheni imeguswa lini, na kuna taa gani inawaka kwenye dashibodi. Anayesema oili ya giaboksi "haibadilishwi maisha yote" hasemi uongo kwa makusudi, ndivyo vitabu vingi vya magari haya vilivyoandika. ZF, watengenezaji wa giaboksi za gia sita zilizomo kwenye BMW, Audi na Jaguar nyingi, wao husema ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000.

Hatua ya 4: Likague kabla halijawashwa

Anza mbali. Kama lina sespensheni ya hewa, simama mbele yake kisha nyuma, uone kama limeinama. Pima kwa futi kamba kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa mudigadi, pembe zote nne, uandike. Upande mmoja ukiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya sentimita moja na nusu, kuna hewa inayotoka. Usiingie chini ya gari la hewa bila stendi, hata kwa dakika moja. Linaweza kushuka bila kukuaga.

Tairi husimulia mengi kuliko muuzaji. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3419 ni wiki ya 34 ya mwaka 2019. Tairi nne za kampuni nne, moja ina miaka tisa, basi mwenyewe alikuwa akinunua moja moja kila ikipasuka. Aliyebana kwenye tairi alibana pia kwenye oili, usijidanganye. Tairi iliyolika upande wa ndani, usioonekana, ni bushi au mikono iliyokwisha.

Fungua boneti. Chini ya kifuniko cha oili usione ute wa rangi ya maziwa. Fungua tangi la maji ya rejeta likiwa baridi tu: maji yawe na rangi moja safi, bila utando wa mafuta. Tangi lililogeuka rangi ya chai na lenye mstari wa chumvi kwenye kiungo linakaribia kupasuka.

Kisha ndani. Bonyeza zulia kwa kiganja, mbele na nyuma, halafu kitambaa cheupe chini yake. Magari mengi ya Ulaya yameficha kompyuta ndogo chini ya zulia au pembeni mwa buti, na maji huingia kupitia matundu ya paa la kioo na ya chini ya kioo cha mbele yaliyozibwa na majani. Zulia bichi ni sababu tosha ya kuondoka. Mauzauza ya umeme yaliyoanzia kwenye maji hayana mwisho.

Rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma mikroni 90 hadi 180. Mlango wenye 300 umepigwa rangi upya. 1,000 na kuendelea kuna puti. Rangi upya si dhambi, mradi umeambiwa.

Hatua ya 5: Swichi ya kwanza, kisha kompyuta

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa za injini, ABS na mifuko ya hewa ziwake zote. Isiyowaka kabisa imetolewa globu au imezibwa. Pima betri: volti 12.6 ni nzima, chini ya 12.2 imechoka.

Chomeka mashine, soma mifumo yote, hifadhi kila msimbo. Sasa tazama vipimo vya utayari vya injini, yaani majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe gari likiendeshwa. Vyote vikisema "havijakamilika", misimbo imefutwa juzi au leo, na kilichofutwa kitarudi ukishalipa. Linganisha pia kilomita za dashibodi na zile zilizohifadhiwa kwenye kompyuta nyingine za gari. Zikipishana, maliza mazungumzo.

Hatua ya 6: Washa, sikiliza, subiri

Sekunde tatu za mwanzo ndizo za thamani. Mlio mfupi wa cheni unaokatika mara moja unavumilika, unaoendelea haufai. Pima tena betri: volti 13.8 hadi 14.6. Liache linguruma dakika 10 bila kuguswa, kisha mtu mmoja akanyage mafuta huku wewe umesimama nyuma. Wingu la bluu ni sili za valvu.

Wakati unasubiri, pandisha gari la hewa juu kabisa. Likipanda upande mmoja tu, au kompresa ikinguruma dakika kadhaa bila gari kukaa sawa, deni limeongezeka. Kompresa hufa kwa kufanya kazi ya kufidia mpira wa hewa unaovuja, kwa hiyo ukibadilisha kompresa peke yake utaibadilisha tena.

Hatua ya 7: Endesha dakika 40, si mzunguko wa mtaa mmoja

Giaboksi iliyochoka hujificha ikiwa baridi, au hujificha ikiwa moto; ijaribu katika hali zote mbili. Kutoka P kwenda R isizidi sekunde mbili. Kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, shika mwendo mmoja kwa mguu mwepesi: mtetemo kama unapita juu ya matuta madogo ya lami ni kiunganishi cha injini na giaboksi (torque converter) kinachoteleza. Kwenye Mercedes za mwanzo wa miaka ya 2000 mtetemo huo huweza kuwa maji ya rejeta yaliyopenya kwenye oili ya gia kupitia rejeta yenyewe. Rejeta ni nafuu. Giaboksi iliyokunywa maji hayo siyo.

Funga breki kwa nguvu mara moja ukiwa kwenye 80, barabara ikiwa tupu. Usukani ukitetemeka ni diski; gari likivuta upande ni kalipa au bushi. Ukirudi, acha injini inguruma na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, uangalie joto na sakafu chini ya gari.

Hatua ya 8: Piga hesabu ya deni

Gawa yote uliyoyaona katika mafungu matatu: ya mwezi wa kwanza (breki, tairi, mkanda, uvujaji), ya ndani ya mwaka (bushi, oili ya gia, mipira ya hewa), na ya starehe (kiti kisichopashwa joto, redio). La tatu usilihesabu. Mawili ya kwanza yaulizie bei halisi za kipuri na za kazi.

Tuseme bei anayotaka muuzaji ni 100. Tairi na breki 20, sespensheni ya hewa ya mbele 30, sevisi kamili ya vimiminika 10, mkanda na pampu 12. Gari la 100 limekuwa la 172. Kama jingine la aina hiyohiyo, lenye risiti za kazi hizo zote, linauzwa 150, basi hilo la "ghali" ndilo la bei rahisi. Hapa ndipo wanaorudia huangukia shimo lilelile: hununua tena la bei ya chini kabisa.

Baada ya hapo jiulize matatu. Je, naweza kulipa taslimu kazi moja kubwa kuliko zote, giaboksi au injini kushushwa, bila kukopa? Je, nina usafiri wa wiki tatu nikiwa sinalo? Je, yupo fundi wa modeli hii ninayeweza kumfikia? "Hapana" moja inatosha kuliacha.

Hatua ya 9: Ukilinunua, wiki mbili za kwanza

Badilisha oili ya injini, mafuta ya breki, maji ya rejeta na vichujio vyote, hata kama muuzaji ameapa. Fuata kiwango cha oili kilichoandikwa kwenye kitabu, kwa mfano MB 229.5 au BMW LL-01, siyo unene peke yake.

Oili ya giaboksi: ukifungua sampu tu hutoka karibu nusu. Giaboksi ya gia tano ya Mercedes, 722.6, hutoa takriban lita 4 kati ya 8 hivi. Wakati huohuo badilisha soketi ya plagi ya nyaya pembeni mwake. Ni kipuri kidogo cha bei ndogo, na ringi zake za mpira zikizeeka oili hupanda kwa ndani ya nyaya hadi kwenye kompyuta ya gia. Kwenye ZF ya gia sita, sampu ya plastiki na kichujio ni kitu kimoja, hubadilishwa pamoja, na kiwango hupimwa injini ikinguruma na oili ikiwa nyuzi 30 hadi 50. Ukipima likiwa la moto sana utajaza pungufu.

Makosa yanayorudiwa

Kununua ya injini kubwa "kwa sababu tofauti ya bei ni ndogo". Tofauti utaikuta gereji. Kuondoa sespensheni ya hewa na kuweka springi ili kuokoa: inawezekana, lakini starehe uliyoifuata umeitoa, na kompyuta hubaki na taa inayowaka. Kununua spea ya bei ya chini kabisa kwa sensa na thamostati. Kwa taa za ndani na vipande vya mapambo, chukua hata iliyotumika, haina neno.

Dalili na tafsiri yake

*Limelala pembe moja asubuhi, likiwashwa linapanda.* Mpira wa hewa au bomba la upande huo. Nyunyizia maji ya sabuni, tafuta mapovu. Likilala mbele yote, shuku bloku ya valvu, inayogawa hewa kwa kila pembe.

*Betri inakwisha usiku.* Usinunue betri ya pili kabla ya kupima umeme unaovuja. Funga gari, danganya kitasa cha boneti kuwa kimefungwa, subiri dakika 30 mpaka kompyuta zilale, kisha pima. Ikizidi miliampea 50, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke.

*Maji ya rejeta yanapungua, sakafu kavu.* Pima mfumo kwa pampu ya shinikizo injini ikiwa baridi. Zulia la abiria likilowa maji yenye harufu tamu ni rejeta ya hita. Kama sivyo, pima gesi ya moshi kwenye tangi kwa ajili ya gasketi ya silinda hedi. Jibu la gasketi likiwa ndiyo kabla ya kununua, usijadili punguzo.

*Kishindo ikishuka kutoka gia ya pili kwenda ya kwanza.* Kiwango na umri wa oili kwanza, bushi za giaboksi pili, kompyuta ya gia mwisho. Mafundi wengi huanza mwisho.

*Taa nyingi zimewaka kwa pamoja, kila mfumo unalalamika.* Betri au alteneta, tisa kwa kumi. Pima volti, chaji betri mpaka ijae, futa misimbo, soma upya. Inayorudi ndiyo ya kweli.

*Muuzaji anakataa mashine, rampu au injini kuwa baridi.* Usimpigie tena. Magari haya hayajaadimika, jingine lipo.